Orodha ya 412

Chama chetu chote kinaenea ndani ya mkebe wa biskuti:
mhuri, daftari mbili, risiti za uchapaji,
na picha ya watu kumi na mmoja
mbele ya stesheni ya Arroyo Tuerto, Kijito chenye Chongo,
kaskazini ya Uruguay, ambako hata ramani hupiga miayo.
Wa kumi na mbili ni mbwa.

Kilizaliwa mwaka wa sitini na moja, siku ya mvua ya mawe,
katika chumba cha kukatia tiketi.
Eulogio Bentancor, mkuu wa stesheni, alisoma gazetini
kwamba treni ya saa kumi na mbili jioni itafutwa, haina faida.
"Na jioni yenyewe," akauliza, "ina faida gani?"
Siasa yetu ilianzia hapo.

Ilani aliiandika nyuma ya ratiba ya mizigo,
tena kwa vina, maana ahadi isiyokaririka, alisema, haidaiki:

    Treni ya jioni iwe, hata kwa mtu mmoja,
    Daraja liwe la mawe, si ahadi za kungoja,
    Mchunga asionewe, bei ya sufu ni moja,
    Mshahara wa mwalimu, usilipwe kwa vioja.

Vioja: mwaka ule mama yangu, mwalimu Nélida Arróspide,
alilipwa maboga.

Kwetu mpiga kura hatii alama.
Huchukua karatasi ya orodha anayoipenda, akaitia bahashani.
Yetu ilipewa namba 412.
Mara ya kwanza tulipata kura thelathini na saba.
Wanachama tulikuwa arobaini.
Wale watatu hatujawajua mpaka leo,
ingawa mama alikuwa na orodha yake kichwani
na kuna nyumba ambazo hakunywa mate tena.
Mara ya pili, hamsini na mbili!
Bentancor akapuliza honi ya stesheni
hadi ng'ombe wa Olascoaga wakavunja ua.

Wanajeshi walipoitwaa nchi,
redio ilitaja vyama vilivyopigwa marufuku, kimoja kimoja.
Tulisikiliza hadi wimbo wa taifa.
Hatukutajwa.
Kesho yake Bentancor alivaa tai, akaenda kambini
kudai haki yetu ya kupigwa marufuku.

Walimkalisha miezi kumi na mmoja.
Alirudi na sikio la kushoto limekufa.
Hakusimulia. Alisema tu, "Tumetajwa."

Mhuri mama aliufukia katika gunia la unga,
na hadi leo ukiupiga kwenye karatasi
unanusa hamira.

Uhuru uliporudi tulirudi nao, tisa.
Kisha, mwaka wa themanini na nane, wakaondoa treni zote,
za asubuhi pia,
hata tukakosa pa kulalamikia kwamba tumeonewa peke yetu.
Wanne wakasema: basi tudai basi.
Watano tukasema: treni, au hakuna kitu.
Hivyo chama cha watu tisa kikapasuka kama vyama vya heshima,
kwa hotuba, kwa viti kurushwa.
Nina binamu hatujasalimiana tangu basi lile,
na basi lenyewe halijaja.

Daraja bado la mbao.
Sufu ina bei saba.
Walimu wanalipwa pesa siku hizi; hilo tuliliweza,
au liliwezekana lenyewe, sisi tukiwa tumesimama karibu.

Leo tumebaki watatu, na mmoja wetu anasahau.
Jana nilikwenda mjini na mkebe wangu.
Kijana Maicol wa mtambo wa kuchapa akaniuliza, nakala ngapi?
Mia nne kumi na mbili, nikasema.
Akanitazama kwa huruma anayowekewa mteja anayelipa taslimu.
"Na zikibaki, bibi?"
Nikaigeuza moja, nikamwonyesha:
nyuma ni nyeupe.